Baridi ya mchezo na baridi ya kweli mjini Lubumbashi

Kuanzia mwezi wa tano, mji wa Lubumbashi huingia katika kipindi cha baridi. Mji uko juu, karibu meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kuna usiku wa mwezi wa sita na wa saba ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kijana mwenye kompyuta na umeme hujifunika blanketi, akawasha The Long Dark na kupambana na baridi nyingine, ile ya theluji ya Kanada.

Mchezo huo wa video ulitengenezwa na kampuni ya Hinterland ya Kanada, ukatoka kamili mwaka 2017. Mchezaji yuko peke yake porini. Anapambana na baridi, njaa, kiu na uchovu, na mbwa mwitu wanamnyemelea. Anahesabu njiti za kiberiti, anakausha nguo zilizolowa, anatafuta pa kujikinga na upepo. Akikufa katika sehemu ya kuokoka, safari yake yote inafutwa, anaanza upya.

Wazazi wengi watasema ni kupoteza wakati. Lakini mchezo unafundisha jambo moja la kweli: baridi haiui kwa kishindo. Inakula nguvu za mtu kidogo kidogo, hasa mwenye njaa na nguo mbichi. Familia zilizokimbia vita Mitwaba au Pweto, zikaacha kila kitu nyuma, hazihitaji kompyuta ili kulijua hilo. Mama anayelaza watoto watatu juu ya sakafu ya simenti analijua vizuri.

Hata hivyo, mchezo unanyamaza juu ya mambo mawili.

La kwanza ni moto. Katika mchezo, mwenye moto amepona, na hakuna anayemuuliza kama dirisha liko wazi. Lubumbashi, mbabula ya makala ikiingizwa ndani na mlango kufungwa, inatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wanalala, hawaamki. Makala yanayowaka yabaki nje, hata kama baridi ni kali. Ndani, afadhali karatoni kavu chini ya mkeka, kwa sababu sakafu inavuta joto la mwili, na watoto walale pamoja, na nguo kavu.

La pili ni upweke. Mchezo unamsifu anayeokoka peke yake. Huku kwetu hakuna aliyewahi kuvuka vita au njaa peke yake. Kila aliyefika alipokelewa na mtu. Kijana anayejua kuhesabu joto la mtu wa kwenye skrini anaweza pia kuhesabu nyumba za avenue yake zisizo na blanketi.

Hesabu hiyo ifanywe na viongozi wa mitaa, makanisa na misikiti kabla mwezi wa tano haujaisha. Blanketi inayotolewa mwezi wa nane, joto likirudi, imechelewa. Mchezaji aliyeshindwa huanza upya asubuhi. Mtoto aliyeshindwa na baridi ya mwezi wa saba haanzi upya.