Mlezi wa Yatima na Hazina ya Serikali

Katika nchi ya Rungwe, tangu Kiwira penye baridi hadi Masoko ambako ardhi inateremka kuelekea Kyela, ni shida kupata kitongoji kisicho na nyumba ambamo mtoto analelewa na asiyemzaa. Aghalabu mlezi huyo ni bibi. Pengine ni shangazi, au mjomba, au kaka aliyeacha masomo, au jirani tu aliyeona mlango wa marehemu umefungwa na watoto wamesimama uani. Hakuna mahakama iliyowakabidhi dhamana hiyo, wala hakuna ofisi inayowalipa. Waliitika kwa kuwa mtoto alikuwa amekwisha fika. Rai yangu katika makala haya ni kwamba Serikali inawiwa deni na walezi hao, na kwamba deni hilo halilipwi kwa hotuba za kuwapongeza siku ya Mtoto wa Afrika, bali kwa posho ndogo ya fedha, ya hakika, inayomfuata mtoto popote anapolala.

Wazee wa nchi hii hawakuwa na desturi ya kumtwika mtu watoto wa marehemu bila ya kumpa cha kuwalisha. Mtu alipofariki, nduguye wa tumbo moja ndiye aliyeshika nafasi yake: alirithi ng'ombe, na watoto wakamwita baba, kwa kuwa tangu siku ile alikuwa baba kwa kila hali. Ada hiyo ilielezwa kwa tafsili na Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey aliishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na ambaye kitabu chake Good Company kilipigwa chapa mwaka 1951. Siisifu ada yote. Mjane naye alihesabiwa katika mirathi, na hakuna mwenye insafu atakayetamani siku hizo zirudi. Hata hivyo katika jambo moja wazee waliwatangulia watunga sheria wetu: mikono iliyopokea watoto ndiyo iliyopokea mali.

Leo mtoto hufika bila ya ng'ombe. Kabla baba hajafa ng'ombe amekwisha uzwa kulipia matibabu, na kabla ya arobaini ya mama kipande cha shamba kimekwisha ingia katika ugomvi wa ndugu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba asilimia 9.3 ya watu wazima wa mkoa wetu wa Mbeya walikuwa na virusi vya UKIMWI, karibu mara mbili ya wastani wa taifa, na ni mikoa ya Njombe na Iringa tu iliyouzidi. Dawa za kufubaza virusi zimepunguza vifo, Mungu ashukuriwe. Lakini ajali za barabarani, vifo vya uzazi, na vijana waliokwenda mijini kutafuta riziki wasirudi wala kutuma chochote, hayo yote yanaendelea kuwaleta watoto kwa wazee.

Mama mmoja mtu mzima wa pande za Katumba, mwenye wajukuu wanne aliowarithi kwa mabinti wawili, alipoulizwa gharama za mwaka hakutaja shilingi hata moja, alitaja mazao. Sare ni mikungu ya ndizi, viatu ni debe la viazi mviringo, na sweta, ambayo Tukuyu si pambo, ni chai aliyoichuma kwa mkono, akaipeleka kituoni ikapimwa, kisha akayangoja malipo yake huku mtoto akienda darasani na kanga ya bibi mabegani. Mahindi na maharage ya chakula cha shuleni hutoka katika akiba ile ile iliyokusudiwa kuwafikisha watu watano katika mavuno mapya. Tangu Januari 2016 shule zetu za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne hazitozi ada, na hilo ni jambo la kushukuriwa pasipo kinyongo. Ila upepo ulipoiangusha migomba yake mwaka mmoja, mjukuu mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima. Hakufukuzwa na mwalimu. Alikosa viatu, akaona haya.

Yapasa sasa tuulize Serikali imemwekea nini bibi huyu. Ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nayo imeipa serikali ya mtaa dhima ya kulinda ustawi wa watoto wa eneo lake, kuweka daftari la walio katika mazingira hatarishi, na kuwasaidia kila inapowezekana. Zipo kanuni za malezi ya kambo za mwaka 2012, na upo utaratibu wa walezi wa kuaminika, ambao Afisa Ustawi wa Jamii huwachunguza na kuwaandikisha ili wampokee mtoto aliyetupwa au aliyeokolewa katika ukatili. Taratibu hizo ni njema, lakini zimetungwa kwa ajili ya mgeni anayempokea mtoto wa mgeni. Bibi wa damu hazimwoni, maana yeye hakuomba kibali cha mtu. Na hata huyo mlezi wa kuaminika, baada ya kuchunguzwa tabia yake, nyumba yake na choo chake, hukabidhiwa mtoto na barua. Posho haimo katika bahasha.

Utasikia wakisema kwamba ipo TASAF. Ni kweli, na Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, ulioanza mwaka 2012, umewafaa wengi. Siku za dirisha la malipo masoko ya vijijini huchangamka, na wenye maduka ni mashahidi. Lakini mpango ule unapima umaskini wa kaya kama ilivyokuwa siku ya kuandikishwa, nao msiba haungoji siku hiyo. Mjane mwenye migomba ya kutosha na ng'ombe mmoja wa maziwa hakuwa fukara alipohesabiwa. Miezi sita baadaye anapokea watoto watatu wa mwanawe, na tangu hapo hana tofauti na walengwa ila jina lake halimo katika orodha. Kadhalika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Bibi mwenye wajukuu sita ni watu saba, na sitaki kufikiri ni nani aliyebaki nje ya kadi.

Wala haya ninayoyadai si ndoto za mtu aliyekaa mbali na hazina. Huko Nshamba, wilayani Muleba, katika mkoa wa Kagera ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi hii waligunduliwa mwaka 1983, shirika la Kwa Wazee limekuwa tangu mwaka 2003 likiwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa ajili ya wajukuu wanaowalea; na uchunguzi wa kazi hiyo uliotolewa mwaka 2008 ulipewa jina la chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa kuwa ndivyo vitu ambavyo fedha ile ilinunua. Zanzibar nayo ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la, na baadaye ikapandisha kiasi hicho hadi 50,000. Basi bibi wa Makunduchi hupokea chake kwa sababu ya umri wake tu, na bibi wa Kiwira, raia wa Jamhuri ile ile, mwenye umri ule ule na yatima watatu juu yake, hana. Kenya ilianza mwaka 2004 kwa majaribio kuzilipa kaya zinazolea yatima, na malipo hayo yakaja kuwa shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Hakuna hata moja kati ya serikali hizo iliyofilisika kwa hisani hiyo.

Lipo onyo moja la kuzingatia, nalo linatoka Afrika Kusini. Nchi hiyo ilikuwa na ruzuku nono kwa walezi wa kambo, iliyotolewa kwa amri ya mahakama. Ukimwi ulipozidi, mabibi na mashangazi wakaelekezwa huko nao, wakafika zaidi ya laki tano, na mahakimu pamoja na maafisa wa ustawi wakazama katika majalada hata wale watoto walioteswa, ambao ndio hasa waliohitaji macho ya hakimu, wakakosa wa kuwaangalia. Mwaka 2011 ilibidi Mahakama Kuu itoe amri ya kuzihuisha kwa jumla amri zilizokwisha muda, ili malipo yasikatike. Ilipofika mwaka 2022 ndipo ikaanzishwa njia rahisi: jamaa anayelea yatima hupata nyongeza juu ya posho ya kawaida ya mtoto, pasipo kwenda mahakamani. Sisi ambao hatujaanza tumepewa elimu hiyo bure. Bibi asiitwe kortini kuthibitisha kwamba mjukuu ni wake; athibitishwe na balozi, mwenyekiti wa kitongoji na mwalimu mkuu, watu wanaomjua kwa sura, na mtendaji wa kijiji atie muhuri.

Wapo watu waungwana, na miongoni mwao wazee wa makanisa ambao nyumba zao wenyewe hazijawahi kukosa yatima, wanaochelea kwamba fedha itaondoa thawabu, na kwamba watazuka walezi wa tamaa watakaokusanya watoto kama mtu akusanyavyo kuni. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini hebu tuangalie ni wapi mtoto anapotumikishwa leo: ni katika nyumba ambamo hakuna anayemkagua, akiwa ametolewa kijijini kwenda kuosha vyombo mjini kwa sababu bibi alishindwa kumvisha. Posho huleta daftari, na daftari huleta ukaguzi. Afisa anayepaswa kutia sahihi malipo atalazimika kumwona mtoto, atauliza mahudhurio yake shuleni, atatazama kadi yake ya kliniki. Na yule asemaye kwamba upendo haununuliwi, mbona hatujamsikia akimshauri mwalimu akatae mshahara au mchungaji akatae sadaka?

Kuhusu uwezo wa hazina, ipo hesabu ya Kagera ya miaka ya mwanzo ya janga la UKIMWI, ambayo Benki ya Dunia iliieneza: kumweka mtoto mmoja katika kituo cha kulelea yatima kuligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa mwaka, karibu mara sita ya gharama za kumsaidia akiwa katika familia. Kila mtoto ambaye bibi amemzuia asiingie kituoni amekwisha iokolea nchi fedha nyingi kuliko posho tunayoiomba. Wala tusizidi kuwategemea wafadhili. Miradi ya watoto walio katika mazingira hatarishi imekuwa kwa muda mrefu ikiendeshwa kwa fedha za Marekani, na mwanzoni mwa mwaka 2025 tuliona jinsi mfereji huo unavyoweza kufungwa kwa sahihi ya mtu mmoja aliye ng'ambo ya bahari.

Halmashauri zetu tayari zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo kutenga wanajua. Rungwe ina chai, ina ndizi, ina viazi na maziwa, ina parachichi zinazokwenda hadi Ulaya, na katika mengi ya mazao hayo upo ushuru unaoingia katika halmashauri yetu kule Tukuyu. Sehemu ya ushuru huo, hata iwe ndogo, ikiwekewa kifungu chake chenyewe katika bajeti, ingetosha kuanzia na kata chache, ili Dodoma iombwe kuongeza juu ya kitu kilichopo.

Basi, ndugu zangu wa Rungwe, vikao vya bajeti vya halmashauri hufanyika kabla mwezi Julai haujafika, na kabla ya vikao hivyo ipo mikutano mikuu ya vijiji ambayo wengi wetu huikimbia. Safari hii tusiikimbie. Mtendaji na aombwe alisome daftari la watoto hadharani, idadi yao na si majina, wasije wakaaibishwa. Idadi ya walezi iandikwe kando. Na karatasi hiyo apewe diwani mkononi, mbele ya watu, ili atakaporudi kutoka Tukuyu aulizwe kifungu kilitengewa shilingi ngapi.