Difu ya Kuokoa Mafuta? Nionyesheni Hesabu!

Leo tunaacha kompyuta kidogo tuingie chini ya gari. Kuna hadithi inauzwa magerejini huku Ukambani, kuanzia hapa kwetu Kabati hadi Kibwezi, na imenichosha. Inasema hivi: toa difu iliyokuja na gari, funga nyingine yenye uwiano mdogo, injini itapunguza mizunguko na mafuta yatapungua vivyo hivyo. Mizunguko ikishuka asilimia 16, mafuta nayo asilimia 16. Rahisi hivyo!

Si kweli. Sisemi kwamba difu haihusiani na mafuta, inahusiana sana. Ninachosema ni kwamba anayekufungia difu hiyo na kukuacha uende zako amekupa gari lenye dashibodi ya uongo. Uongo huo unakula akiba uliyolipia, na unaweza kuua abiria wako.

Tuanze na chuma chenyewe. Ndani ya difu kuna gia mbili kuu: pinioni, ile ndogo inayozungushwa na propela shafti, na kraun, ile kubwa inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Hesabu meno ya kraun, gawanya kwa meno ya pinioni, huo ndio uwiano. Kwenye pikapu za Toyota utakuta meno 39 kwa 8, yaani 4.875, au 41 kwa 10, yaani 4.1. Maana yake, kwenye difu ya kwanza propela huzunguka mara 4.875 ili gurudumu lizunguke mara moja.

Chukua tairi ambayo mzunguko wake mmoja unasogeza gari mita 2.1. Ukienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu linazunguka kama mara 635 kwa dakika. Weka gia ya nne, ambayo kwenye giaboksi nyingi za namna hii hupitisha mzunguko wa injini bila kuubadilisha. Kwa difu ya 4.875 injini itazunguka kama mara 3,100 kwa dakika. Kwa difu ya 4.1, kama mara 2,600. Asilimia 16 ndiyo hiyo. Mpaka hapa fundi wako yuko sawa.

Anapopotea ni hatua inayofuata. Mafuta mengi yanachomwa kusukuma upepo, kushinda mkwaruzo wa tairi barabarani na kupandisha mzigo mlimani, na kazi hiyo haipungui kwa kubadilisha gia. Unachookoa ni msuguano wa ndani ya injini na, kwa injini ya petroli, ile nguvu inayopotea kuvuta hewa kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Ni akiba ya kweli, lakini haiwezi kufika asilimia 16. Kwa dizeli ni ndogo zaidi, kwa sababu injini nyingi za dizeli hazibani hewa kwa namna hiyo.

Sasa njoo kwenye uongo wenyewe. Kwenye pikapu na matatu nyingi za zamani za kusukumwa na magurudumu ya nyuma, spidomita inasoma mzunguko kwenye mdomo wa giaboksi, KABLA ya difu. Kiwandani ilipangwa ikiamini kwamba difu ni 4.875. Kwetu sisi waandishi wa programu hili ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: namba imezikwa ndani ya msimbo, mtu anabadilisha kitu kwingine, na programu inaendelea kutoa majibu kwa ujasiri. Majibu mabaya!

Ukifunga 4.1 bila kurekebisha spidomita, ikionyesha 80 wewe uko 95. Na injini je? Inazunguka mara 3,100 zilezile! Umelipa difu ili upunguze mizunguko, kisha kwa kufuata spidomita umeirudisha yote. Nguvu ya upepo nayo hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 95 inaongezeka kama asilimia 41. Kwa Hiace yenye kimo kama ukuta, hiyo si pesa ya kuchezea.

Kihesabu kilomita nacho kinadanganya. Difu ya 4.1 kwenye gari la 4.875 itaandika kilomita 100 wakati umekwenda 119. Fanya kinyume, funga difu ya mzigo kwenye gari la 4.1, itaandika 119 wakati umekwenda 100. Kwa hiyo ukisikia mtu anaapa kwamba difu ya mzigo imemuongezea kilomita kwa lita, muulize alipima kwa nini.

La abiria ndilo linaloniudhi zaidi. Kanuni za Michuki, Tangazo la Kisheria nambari 161 la 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliweka kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa kwenye matatu. Kama kidhibiti chako kinachukua habari kutoka kwa sensa ileile ya giaboksi, kitakuachilia hadi 95 kikiamini ni 80. Abiria wa Kabati anayepanda kwenda Kitui hajui kwamba meno mawili matatu ya chuma yamefuta sheria aliyotegemea.

Wamarekani walikuwa na akili kidogo. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya 1973, viwanda vyao vilianza kutoa magari yenye difu za uwiano mdogo. Lakini mwanzoni mwa 1974 serikali yao ilipitisha pia kikomo cha maili 55 kwa saa, karibu kilomita 90. Gia na mwendo vilienda pamoja. Sisi tunachukua gia, mwendo tunaacha.

Basi nani afunge difu hiyo? Mwenye gari jepesi anayekimbia masafa marefu kwenye lami tambarare, mradi arekebishe spidomita. Matatu inayosimama kila steji kati ya Kitui, Kabati na Migwani itaunguza klachi. Pikapu ya magunia ya ndengu itapanda kilima kwa gia ya tatu badala ya nne, na mizunguko itarudi palepale. Na wewe wa Probox ya kuvutwa na magurudumu ya mbele, difu yako imo ndani ya giaboksi. Tuliza roho.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Jaza tangi pomoni, endesha siku kadhaa, pima umbali kwa GPS ya simu, jaza tena pampu ileile, gawanya kilomita kwa lita. Rudia mara tatu. Halafu weka upepo wa tairi sawa, shuka kutoka 95 hadi 80, upime tena. Hilo halina gharama, na EPRA ikitangaza bei mpya tarehe 14 utakuwa na namba yako mkononi.

Ukiamua kubadilisha hata hivyo, mwambie fundi: spidomita na kidhibiti mwendo virekebishwe siku hiyohiyo, la sivyo sikulipi.

Mafundi, karibuni mnipinge. Lakini njooni na namba!