Picha ya Kasha na Tundu la Ruta

Picha ni kauli. Haina ulimi lakini yasema. Haina kidole lakini yaonyesha. Na yale isemayo yakiwa si kweli, picha hiyo imesema uongo sawasawa na mtu aliyeutamka kwa kinywa chake. Nakuomba, msomaji, uyashike maneno haya mpaka mwisho wa insha, kwa sababu wako watu wenye akili na mali ambao huyakana. Wao husema kwamba picha iliyo juu ya kasha la bidhaa ni pambo tu, na kwamba mnunuzi aliyeiamini amejidanganya mwenyewe. Mimi nasema kwamba picha hiyo ni ahadi, na ahadi ni deni.

Niliyajua haya kwa kugharimika. Nilikwenda katika duka moja la vyombo vya umeme kununua ruta, chombo kile kidogo chenye antena ambacho hupokea intaneti na kuigawa nyumbani kwa waifai. Nilikuwa na diski ya kompyuta iliyojaa picha za jamaa zangu, ambao baadhi yao wamekwisha fariki dunia, pamoja na masomo niliyokuwa nimewaandalia vijana. Nia yangu ilikuwa kuichomeka diski hiyo katika tundu la USB la ruta, ili kila aliye nyumbani aweze kuyasoma na kuyatunza yaliyomo bila ya kugombea waya mmoja. Juu ya kasha palikuwa na picha nzuri ya mgongo wa ruta, na ndani ya tundu la USB paling'aa ulimi wa rangi ya buluu. Maana ya rangi hiyo niliijua. Nikalipa bila ya kusita.

Nilipolifungua kasha nyumbani, nilikuta tundu jeusi la namna ya zamani. Nikaligeuza kasha huku na huku, nikalichunguza kama mtu atafutaye sindano mchangani, nikaona chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, maneno ya kusema kwamba picha ni ya mfano tu na bidhaa yaweza kuwa tofauti. Nikarudi dukani. Mwuzaji alikataa kuipokea, akasema kwamba ruta si mbovu. Alisema kweli. Ruta haikuwa mbovu. Lakini haikuwa ile niliyoinunua.

Huenda ukauliza: tundu si tundu? Buluu na jeusi vyatofautianaje? Swali lako ni la haki, na jibu lake ni hesabu. USB ni kanuni ya kuunganisha vyombo na kompyuta, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2000, na mwendo wake wa juu ni megabiti 480 kwa sekunde. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2008, na mwendo wake wa juu ni megabiti 5,000 kwa sekunde. Chukua sasa diski yenye mzigo wa gigabaiti 60, yaani megabaiti 60,000. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo megabiti 480 ni megabaiti 60, na mzigo wote wapita katika tundu la 2.0 kwa sekunde 1,000, karibu dakika 17. Katika toleo la 3.0 kila baiti husafirishwa kwa biti 10. Kwa hiyo megabiti 5,000 ni megabaiti 500, na mzigo ule ule wapita kwa sekunde 120, yaani dakika 2. Hizo ni hesabu za juu kabisa. Katika kazi halisi diski, ruta na waifai yenyewe hupunguza mwendo wa njia zote mbili. Lakini njia nyembamba haitakuwa pana kwa sababu magari yaendayo juu yake ni mabovu.

Tena si mwendo peke yake. Kanuni ya 2.0 yakiruhusu chombo kilichochomekwa kuchukua umeme wa miliampea 500. Ile ya 3.0 yakiruhusu miliampea 900. Diski inayozunguka na kuhitaji zaidi ya kiasi kile cha kwanza huweza kukataa kuamka, au huweza kuzimika katikati ya kazi. Mtu aliyenunua tundu la picha akapata tundu la namna nyingine hapotezi dakika tu. Huweza kupoteza kumbukumbu zake.

Sasa tazama ujanja ulivyofichwa. Kanuni za USB 3.0 hupendekeza rangi ya buluu ndani ya tundu, lakini haziilazimishi. Kwa hiyo ruta yenye tundu jeusi yaweza kuwa ya 3.0 ya kweli, na mchoraji wa kasha aweza kutia buluu katika picha bila ya kuandika namba hata moja. Akiulizwa, husema, "Mimi sikuandika 3.0." Rangi ni shahidi asiyekula kiapo. Shahidi wa kweli yumo ndani ya tundu: lile la 2.0 lina vipande 4 vya madini vya kupitisha umeme, na lile la 3.0 lina 9, yaani vile 4 vya zamani na vingine 5. Lakini ni mnunuzi gani awezaye kuvihesabu ndani ya kasha lililofungwa kwa gundi?

Juu ya fumbo la rangi pamewekwa fumbo la majina. Kanuni iliyoitwa USB 3.0 mwaka 2008 iliitwa USB 3.1 Kizazi cha 1 tangu mwaka 2013, kisha ikaitwa USB 3.2 Kizazi cha 1, na mwendo wake ukabaki megabiti 5,000 zile zile. Mtoto mmoja amepewa majina matatu bila ya kukua hata shibiri. Likaja pia tundu la namna ya C, lenye umbo la yai, ambalo kanuni yake ilitoka mwaka 2014. Watu wengi hudhani kwamba umbo hilo ni dalili ya mwendo wa kasi. Sivyo. Umbo ni umbo, na mwendo ni mwendo. Tundu la C huweza kubeba mwendo wa 2.0 usiozidi megabiti 480. Wenye kanuni wenyewe walitambua mchafuko huu, na mwaka 2022 chama cha makampuni kinachosimamia USB kilitoa nembo zinazotaja mwendo kwa namba yake badala ya jina la kujisifu. Ikiwa waliofunga fundo wamekiri kuwa ni fundo, sisi tuliojikwaa hatuna sababu ya kuona haya.

Watetezi wa kasha wana hoja tatu, na haki yadai kwamba tuzisikilize kabla ya kuzihukumu.

Hoja ya kwanza ni kwamba herufi ndogo zimemwonya mnunuzi. Nami nauliza: ungesema nini juu ya mfuko wa unga uliopigwa chapa ya kilo 2 kwa wino mwekundu, nao una kilo 1, na chini ya mshono pameandikwa kwamba uzito ulioonyeshwa ni wa mfano? Hakuna mama katika Kenya nzima atakayelikubali neno hilo. Onyo la kweli huandikwa mahali pa kusomeka. Mtu atangazaye sifa kwa sauti kuu na kukiri kasoro kwa mnong'ono hajakiri. Amejitayarishia mlango wa kukimbilia.

Hoja ya pili ni ya kitaalamu, nayo ina ukweli ndani yake. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo kwamba kelele za umeme za USB 3.0 huweza kuyaudhi mawimbi ya waifai ya gigahatsi 2.4. Kwa hiyo mtengenezaji wa ruta aweza kuwa na sababu njema ya kuchagua tundu la 2.0, au ya kulipunguza mwendo tundu la 3.0 mpaka mwenye nyumba aamue mwenyewe. Naikubali sababu hiyo. Lakini sababu ya kutengeneza 2.0 si sababu ya kuchora 3.0. Kama uamuzi ulikuwa wa hekima, kwa nini uonewe haya juu ya kasha? Kizuri chajiuza.

Hoja ya tatu ni kwamba watu wengi hawalitumii tundu hilo kabisa, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Hoja hii ni mbaya kuliko zote. Kama tundu halina maana kwa wanunuzi, lisingepewa nafasi katika picha. Limechorwa kwa sababu lavuta fedha. Na dhuluma haifi kwa sababu aliyedhulumiwa hajaitambua. Mwenye kuibiwa usiku ameibiwa hata kabla ya kuamka.

Msomaji, usidhani kwamba nakuita katika ugomvi wa mtu mmoja na duka moja. Nchi yetu imekwisha kata shauri. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu alichokinunua. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 yahesabu maelezo ya uongo, ya kupotosha au ya kuhadaa kuwa ni mwenendo usio wa haki, na miongoni mwake ni kudai kwamba bidhaa ina sifa isiyokuwa nayo. Sheria haikusema kwamba maelezo ni maneno peke yake. Mimi naona kwamba ulimi wa buluu uliotiwa katika picha, hali chombo hakina, ni maelezo kamili ya kupotosha.

Basi twataka nini? Hatutaki muujiza. Twataka picha ya kasha iwe picha ya chombo kile kile kilichomo ndani. Twataka kando ya tundu paandikwe namba ya kanuni, mwendo wake kwa megabiti, na kiasi cha umeme linachotoa, kwa herufi zinazoweza kusomwa na mzee aliyevaa miwani. Na chombo kikibadilishwa kiwandani, kasha nalo libadilishwe. Wino wa kuandika namba tatu haumfilisi mtengenezaji yeyote. Wino wa kuchora uongo ndio uliowagharimu wengi.

Nawe, kijana uliye darasani, una wajibu wako. Katika nyumba nyingi wewe ndiwe msomaji wa makasha. Baba na mama wana fedha walizozitafuta kwa jasho, lakini lugha ya kasha ni ngeni kwao na hesabu zake ni za zama zako. Watakapokutuma au kukuchukua dukani, usiwaongoze kwa rangi. Uliza namba. Omba kasha lifunguliwe mbele yenu kabla ya kulipa. Ingiza jicho katika tundu, ukahesabu. Taka risiti iliyoandikwa sifa mliyoahidiwa, na mwuzaji akikataa kuiandika, elewa kwamba amekwisha kujibu. Haya si matusi kwa mfanya biashara mwaminifu. Yeye huyafurahia, maana kila uongo wa jirani yake humnyang'anya mteja.

Huenda siku moja wewe mwenyewe utakuwa mhandisi wa chombo, au mchoraji wa kasha, au mwuzaji nyuma ya meza. Utaambiwa kwamba buluu kidogo haitamdhuru mtu, na kwamba wengine wote hufanya hivyo. Siku hiyo ikumbuke familia iliyokaa karibu na ruta usiku, ikingoja picha za marehemu wao zipite katika tundu lisilokuwa lile waliloonyeshwa. Walilipa kwa fedha ya kweli. Ahadi yao bado ni deni.