Saa ya Mama ni Amana

Mara nyingi husikia watu wakisema kwamba saa za kike za zamani hazina maana tena: vipuri havipatikani na mafundi wa kuzitengeneza wamekuwa adimu. Basi mwenyewe akifariki, dhahabu hupelekwa kwa sonara ikayeyushwa, na mashine hutupwa. Mimi sikubaliani na desturi hii, nami nina sababu zangu.

Kwanza, watu huyeyusha kitu wasichokijua. Saa haijulikani kwa jina la usoni peke yake, kwani huenda likawa jina la muuzaji tu. Fundi na afungue kifuniko cha nyuma, aitazame mashine yenyewe. Chini ya lile gurudumu linalocheza huku na huku, mara nyingi pamepigwa chapa ndogo ya kiwanda na nambari ya mashine. Viwanda kama ETA na A. Schild, vyote vya mji wa Grenchen huko Uswisi, viliuza mashine zilizotiwa katika saa za majina mbalimbali. Ukiijua nambari hiyo, umejua kipuri cha kutafuta. Na ndani ya kifuniko, 375 ni dhahabu ya karati 9, 585 ni karati 14, na 750 ni karati 18. Ukiona herufi na tarehe zilizokwaruzwa kwa sindano, hizo ni alama za mafundi waliotangulia. Zisisuguliwe, kwani ndiyo historia ya saa hiyo.

Pili, twahukumu upesi. Saa ikisimama husemwa imetiwa ufunguo kupita kiasi. Aghalabu sivyo. Kamani ni nzima, ila mafuta yamekauka yakawa kama gundi, au hewa ya chumvi ya pwani yetu imeleta kutu. Dawa ni kuifungua yote, kuosha kila kipande, na kutia mafuta mapya kidogo sana, panapohitajika tu. Kwa saa ya kike kazi hii ni nzito kwa sababu ya udogo wake. Mwaka 1929 LeCoultre ilitoa mashine yenye uzito wa gramu 1 hivi! Fundi anayeshika vitu kama hivyo astahili ujira wake bila ya kuvutana.

Tatu, kuna kutengeneza kunakoharibu. Tangu Seiko ilipouza saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi, Disemba 1969, mashine za betri zimekuwa rahisi mno, na wako mafundi wanaong'oa mashine ya asili wakatia hizo. Wengine hupaka uso rangi mpya. Saa ya shangazi yangu ilirudi kwa fundi mmoja iking'aa, uso mweupe pe, na akrabu si zake. Ilikwenda barabara. Shangazi aliigeuzageuza, kisha akasema, "Mwanangu, hii si yangu."

Rai yangu kwa wasomaji ni hii. Kabla ya kuiacha saa, mwulize fundi atabadilisha nini, mkubaliane kwamba vipande vya zamani atakurudishia, na umwambie uso ulioingia umanjano auache vivyo hivyo. Mapatano hayo yaandikwe. Na nyinyi mafundi, kitu mlichokabidhiwa ni amana, nayo hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa ni ile ile.