Kura ingetuacha palepale

Mwandishi, hapo unaposema kura ya maoni ingemaliza mapema mambo ya Rwenzururu, harakati zetu Wakonzo za kujitenga na ufalme wa Toro hapa Uganda, sikubaliani nawe. Watu wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura 1964, wakatoka Buganda na kurudi Bunyoro. Sisi Wakonzo hatukuulizwa, na kiongozi wetu Mukirane alikuwa ameshatangaza kujitenga na Toro tangu 30 Juni 1962. Na nyie mnaosema kwenye maoni hapo juu "wengi wape", njooni kwetu Ibanda. Babu yangu alipanda mlimani na wapiganaji, mdogo wake akabaki bondeni analipa kodi ya Toro. Mpaka leo msibani watoto wao wanakaa pande mbili za turubai. Asilimia 51 ingewapatanisha vipi? Na ndugu zetu Wanande, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, upande wa Kongo, wangepigia kura wapi?