Kuhamisha Data Si Kazi ya Mtambo Peke Yake

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari la mali, la wagonjwa, la wanafunzi na la wastaafu limo ndani ya kompyuta, na kila baada ya miaka kadhaa hutolewa katika mtambo uliochakaa na kutiwa katika mtambo mpya. Kazi hiyo ndiyo iitwayo kuhamisha data. Wengi hudhani kuwa ni sawa na kuhamisha masanduku kutoka chumba kimoja hadi kingine: fundi hubonyeza kitufe, nasi tukangoja. Nia ya makala haya ni kuipinga dhana hiyo. Kila uhamisho wa data una ndani yake uamuzi juu ya kitakachohifadhiwa na kitakachopotea. Kwa hiyo mwenye data hana budi kushiriki, wala kazi isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka hesabu za pande zote mbili zimelingana.

Kwanza tutazame jinsi data zinavyokaa. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala yaliyopendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Tuchukue mfano wa shule. Jedwali la kwanza lina wanafunzi, kila mmoja na namba yake. La pili lina alama za mitihani, na kila mstari wa alama hutaja namba ya mwanafunzi. Namba hiyo ndiyo kamba inayoyafunga majedwali hayo mawili. Kamba ikikatika, alama hubaki hazina mwenyewe.

Anayetaka kuzitoa data hizo hana budi kuipa kompyuta maagizo kamili. Agizo la kwanza ni la mfuatano: wanafunzi watangulie, alama zifuate, la sivyo hifadhidata mpya inayolinda uhusiano huo itazikataa alama za mtu isiyemjua. Agizo la pili ni la wakati. Iwapo walimu wanaendelea kuandika huku majedwali yakinakiliwa moja baada ya jingine, jedwali la alama laweza kumtaja mwanafunzi aliyeandikishwa baada ya jedwali la wanafunzi kwisha kunakiliwa. Ndiyo sababu programu ya pg_dump, inayotumiwa na hifadhidata ya PostgreSQL, hutoa picha ya wakati mmoja tu, hata kama watu wanaendelea kuitumia hifadhidata hiyo.

Agizo la tatu ni la maandishi, nalo latuhusu sisi watumiaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Katika lugha ya SQL, ambayo ndiyo lugha ya hifadhidata hizi, maneno hufungwa baina ya vipashio viwili vyenye umbo lile lile la alama iliyo katika neno Ng'ambo. Programu nzuri huirudia alama hiyo mara mbili ili isidhaniwe kuwa ndiyo mwisho wa neno. Programu iliyoandikwa bila uangalifu huliacha neno likatike katikati, na mkazi wa Ng'ambo, Unguja, akakosa anwani. Vivyo hivyo namba ya simu inayoanza na sifuri, ikisomwa kama hesabu badala ya maandishi, huipoteza sifuri hiyo. Nayo tarehe 03/04/1985 kwetu ni tarehe 3 Aprili, ambapo kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Ni salama zaidi kuandika 1985-04-03, kama kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 inavyoelekeza.

Agizo la nne ni la utupu. Mwanafunzi aliyepata sifuri si sawa na yule aliyelazwa hospitalini asifanye mtihani. Hifadhidata huweza kuitunza tofauti hiyo, lakini agizo baya laweza kuifuta, na mgonjwa akaonekana amefeli. Hata mitambo yenyewe haikubaliani: Oracle huyahesabu maandishi matupu kuwa sawa na kukosekana kwa habari, ilhali PostgreSQL huvitenganisha viwili hivyo.

Uzembe katika mambo haya huweza kugusa maisha ya watu. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Uviko-19, shirika la Public Health England lilikuwa likipokea matokeo ya maabara katika mafaili ya maandishi, kisha likiyaingiza katika mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani, ambayo hayawezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Kila mgonjwa alihitaji mistari kadhaa. Faili lilipojaa, mistari iliyozidi iliachwa nje. Baina ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za kila siku. Wao wenyewe walipata majibu yao, bali watu waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati. Kulinganisha idadi ya waliotoka na ya walioingia kungetosha kuifichua kasoro hiyo.

Wapo wasemao kwamba ukaguzi wa namna hii hupoteza muda, na kwamba fundi stadi aaminiwe. Ni kweli kwamba muda ni mali. Hata hivyo, fundi hajui kwamba sifuri ya mbele ni sehemu ya namba, wala hajui nani alikuwa hospitalini. Anayejua ni mwalimu, mganga au karani. Ustadi wa fundi haujazi pengo la ujuzi wa mwenye data.

Napendekeza, basi, kwamba kila ofisi inayohamisha data iyaandike maagizo yake kwenye karatasi, na mkuu wa ofisi atie sahihi pamoja na fundi. Baada ya hapo vifanywe vipimo vitatu. Cha kwanza, mistari ihesabiwe katika kila jedwali, pande zote mbili. Cha pili, safu za hesabu zijumlishwe na majumlisho yalinganishwe. Cha tatu, zichaguliwe kumbukumbu kadhaa kwa kubahatisha, zisomwe herufi kwa herufi. Kwa maana idadi yaweza kulingana ilhali sifuri za mbele zimepotea zote. Na mtambo wa zamani usifutwe mpaka vipimo vyote vimefaulu.

Hakuna katika haya lililo juu ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari. Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi jedwali la majina ishirini, nusu ya darasa walinakili, nusu ya pili wakague kwa vipimo hivyo vitatu. Vijana watakaojifunza kuuliza, “Zilitoka ngapi, na zimefika ngapi?” ndio watakaoyatunza madaftari ya taifa kesho. Swali hilo lafaa kuulizwa kabla mstaafu hajafika dirishani na kuambiwa kwamba jina lake halimo.