Breki Hazifeli Zenyewe

Ajali ikitokea huku kwetu, taarifa ni ileile: gari lilifeli breki. Basi, imekwisha. Sentensi hiyo haina mtu ndani yake. Hakuna tajiri aliyegoma kutoa hela ya paipu, hakuna fundi aliyeziba, hakuna dereva aliyeambiwa "nenda nayo hivyohivyo, ukanyage mara mbili". Breki zimefeli kama mtoto anavyofeli hesabu, na lawama ni zake.

Napinga.

Chukua Land Rover 109 kuukuu yoyote inayobeba mzigo wa mwaloni Nkome kupanda Nzera. Chini yake kuna paipu za chuma, nyembamba kuliko penseli, zinazopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. Juu yake barafu ya sangara inayeyuka, na siku ya kayabo yanadondoka maji ya chumvi. Kutu inaanzia nje. Ndani nako hali si nzuri, maana mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu hewani. Kwa kipimo cha DOT 3, mafuta mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanywa maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo pedali inazama mpaka chini. Maji hayohayo yanaila paipu kwa ndani. Halafu kuna wanaojazia maji ya sabuni!

Tena Series II ina njia moja tu ya mafuta. Paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne yamekosa breki.

Paipu ikitoboka tunafanyaje? Inakunjwa, inagongwa nyundo, gurudumu lile linaachwa bila breki. Gari linabaki na tatu na likifunga linavuta upande. Wasomi wenzangu tunaupenda mchezo huu. Tunauandikia makala, tunauita ubunifu wa fundi wa mtaani. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha, zinang'aa, tukapiga picha na kusema chuma cha zamani hakifi. Chuma cha zamani kinakufa, tena kinakufa mahali usipopaona bila kulala chini ya gari na tochi.

Dawa yake haina siri. Paipu yenye kutu hubadilishwa nzima, haiungwi. Ya mchanganyiko wa shaba na nikeli haishiki kutu na inapindika kwa mkono. Ile ya shaba tupu ya friji, ambayo mafundi wengine huipenda, hukakamaa kwa mtikisiko na mwishowe hupasuka. Ncha zitanuliwe kwa kifaa chake, mafuta yawe mapya, upepo utolewe kuanzia gurudumu la mbali. Kazi ya siku moja, gari likiwa limesimama.

Hapo kwenye kusimama ndipo penye ugomvi. Utaniambia umaskini. Nakubali nusu. Mbona tairi likipasuka hela hupatikana siku hiyohiyo? Kwa sababu gari lisilo na tairi haliendi, lisilo na breki linaenda. Tajiri anapata hesabu yake jioni. Hatari wameibeba wengine: dereva asiye na mkataba, utingo, na akina mama wa dagaa waliokaa juu ya magunia, ambao hakuna aliyewauliza chochote. Na usiniambie nidhamu ya ukaguzi ni ya Wazungu. Kwenye migodi ya mkoa huuhuu gari hukaguliwa kabla ya zamu, na madereva wake ni vijana wa hukuhuku. Tofauti ni kwamba kule ukikataa kuendesha gari bovu una pa kusemea.

Kwa hiyo mwandishi wa habari utakayefika kwenye ajali ijayo, usiandike kwamba breki zilifeli. Uliza paipu ilibadilishwa lini, na nani aliambiwa ibadilishwe akasema bado inafaa.